Programu ya mawasiliano kwa ofisi ya wakili, mhasibu au wakala wa forodha: jinsi ya kuipanga

Ofisi nyingi za kitaalamu hapa Mombasa huianza kazi hii kwa kutokea mwisho. Anakuja muuzaji na kompyuta yake, anaonyesha programu inayotuma barua pepe elfu kwa mbofyo mmoja, ofisi inalipia mwaka mzima, na baada ya miezi miwili mle ndani mna majina arubaini na kitu na hakuna anayekumbuka nenosiri. Programu haina kosa. Kazi zake ni tatu tu: kukumbuka watu, kuwapelekea ujumbe, na kutunza kumbukumbu ya nani amesema asiletewe tena. Asiye na orodha safi amenunua kabati tupu.

Kwa hivyo hapa mpangilio umegeuzwa: orodha kwanza, ruhusa pili, na programu baadaye sana. Mwongozo ni wa ofisi yenye watu kati ya 3 na 30, ya mawakili, wahasibu, wakaguzi wa hesabu, mawakala wa forodha, wapimaji ardhi au wasanifu majengo. Watu wanaouza ujuzi, na ambao mteja wao huja kwa kuelekezwa na mteja mwingine. Duka la nguo Mwembe Tayari linaweza kutuma ofa kila Ijumaa. Wakili hawezi, na sababu yake iko mbele.

Orodha

Wiki ya kwanza usifungue akaunti yoyote. Fungua faili moja ya Excel, ukusanye majina kutoka kila yalikojificha: vitabu vya ankara, mafaili ya wateja, simu ya karani, simu ya bosi, barua pepe za miaka mitatu iliyopita, na ile droo ya kadi za biashara ambayo kila ofisi inayo. Rejista ya mlinzi pale mlangoni iache. Watu waliandika namba zao kwa ajili ya usalama wa jengo. Kuzichukua ili kuwatangazia biashara ni kuzitumia kwa jambo ambalo hawakuzitolea, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubali hivyo.

Kila mtu mstari wake. Safu za kuweka: jina kamili, jina la kuitia, kampuni, simu, barua pepe, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), huduma aliyopewa, mwaka wa mwisho mlipofanya naye kazi, lugha, nani alimleta, na ruhusa. Ukiongeza zaidi ya hapo karani atachoka njiani na nusu ya safu zitabaki nyeupe.

Jina la kuitia ndiyo safu inayosahaulika, na ndiyo inayoleta aibu. Programu karibu zote zimetengenezwa na watu wanaoamini kwamba kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo. Chukua mteja anayeitwa Mohamed Ali Salim. Mohamed ni yeye, Ali ni babake, Salim ni babu yake. Ukiiachia programu iandike "Bw." na jina la mwisho, barua itaanza na "Bw. Salim", na hapo umemsalimu marehemu. Mteja wa pili ni John Mwangi Kamau, naye anataka aitwe Bw. Kamau. Ukisema basi itumie jina la kwanza tupu, itamwandikia "Habari Fatma" mama wa miaka sabini ambaye mtaa mzima unamwita Bi Fatma. Hakuna kanuni ya kompyuta itakayolitatua hili. Mtu anayewajua wateja akae na orodha aijaze kwa mkono: Bw. Mohamed, Bw. Kamau, Bi Fatma, Mzee Kombo, Mhandisi Otieno. Majina 500 ni kazi ya siku mbili kwa karani mkongwe, na hakuna siku mbili katika shughuli hii yote zitakazolipa kama hizo.

Kwenye simu, Excel ina tabia mbili mbaya. Namba inayoanza na 07 inaila sifuri ya mwanzo, na namba ndefu inayoanza na 254 inaigeuza ionekane 2.54722E+11. Dawa ni kuchagua safu nzima na kuiweka iwe maandishi kabla ya kubandika chochote. Ukiibadilisha baadaye, kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kisha namba zote zichukue umbo moja: 254 ikifuatwa na tarakimu tisa, jumla tarakimu 12, bila nafasi wala vistari. Usimwambie karani afute kila isiyoanza na 2547, kwa sababu siku hizi zipo namba halali za 01. Ukimaliza, hifadhi kama CSV ya UTF-8, yaani faili ya maandishi tupu ambayo programu nyingi huisoma. Na ukiifungua tena CSV hiyo kwa kuibofya mara mbili, maradhi yanarudi vilevile. Iingize kupitia menyu ya data, ukieleza kwamba safu ya simu ni maandishi.

Halafu marudio. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Abdalla na Abdallah. Sharif na Shariff. Mwanaisha na Mwana Isha. Programu hutafuta marudio kwa barua pepe, lakini hapa kwetu wateja wengi hawana barua pepe wanayoisoma, au kampuni tatu zinatumia anwani moja ya kijana wa ofisini. Anza kwa simu, kisha PIN ya KRA. PIN ina vibambo 11: A mwanzoni kwa mtu binafsi au P kwa kampuni, tarakimu tisa, na herufi moja mwishoni, ikipungua au kuzidi hapo, imeandikwa vibaya. Mfanyabiashara mmoja anaweza kuwa na PIN yake na za kampuni tatu. Huyo ni mtu mmoja wa kusalimiwa mara moja, hata akiwa na mafaili manne. Weka mtu kama mtu, kampuni kama kampuni, kisha uwaunganishe.

Ruhusa, na wale wasiotumiwa kabisa

Tenganisha ujumbe wa kazi na ujumbe wa kujitangaza. "Kesi imeahirishwa", "mzigo umeshushwa", "bado hatujapata taarifa ya benki" ni sehemu ya huduma aliyolipia. "Tumefungua kitengo cha ushuru" au "karibu kwenye semina yetu" ni tangazo, na kwa tangazo sheria inataka mtu awe amekubali, na kila unapomwandikia apewe njia rahisi ya kukataa. Katika programu, hizi ziwe njia mbili mbalimbali. Mteja akijiondoa kwenye matangazo asipoteze taarifa za kesi yake. Kosa hili hutokea sana ofisi inapotumia orodha moja kwa yote.

Idhini ichukuliwe kwenye fomu ya kufungua faili. Maneno haya yanatosha:

"Nakubali kuletewa taarifa za mabadiliko ya sheria, kodi na forodha kwa njia niliyotia alama: barua pepe / SMS / WhatsApp. Naweza kusitisha wakati wowote."

Visanduku viachwe vitupu, mteja avijaze mwenyewe. Karani aandike kwenye safu ya ruhusa namna hii: "fomu, 14/3/2025, barua pepe tu". Neno "ndiyo" peke yake halitakusaidia siku mtu atakapolalamika, kwani utaulizwa alikubali lini na wapi. Wateja wa zamani usiwaandikie wote kwa mkupuo kuwaomba idhini. Waulize wanapokuja kuchukua hati au kulipa, au weka mstari mmoja chini ya ankara.

Ofisi yenyewe nayo huenda ikahitaji kusajiliwa kwa Kamishna wa Data. Msamaha ni kwa yule ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na pia wafanyakazi wake hawafiki 10. Masharti yote mawili kwa pamoja, wala si mojawapo. Tena ziko shughuli ambazo kanuni za 2021 zinataka zisajiliwe hata ofisi ikiwa ndogo, kwa hivyo isome orodha ile kabla ya kujihesabia msamaha. Cheti hudumu miezi 24. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, kamishna anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na kwa kuwa programu nyingi hizi huhifadhi data nje ya Kenya, taja hivyo wazi kwenye tamko lako la faragha.

Sasa tengeneza kundi la "usitume". Ofisi za mawakili husahau hili mpaka liwaumbue. Ndani yake waingie watu wa upande wa pili katika kesi, maana anwani zao zimo kwenye barua pepe zenu na programu ikivuta anwani zote kutoka kwenye sanduku la barua itawavuta nao. Mtu mwenye wakili wake akiletewa salamu na wakili wa mpinzani, lazima pawe na maswali. Waingie wateja mnaogombana nao juu ya malipo. Na waingie waliofariki. Ofisi inayoshughulikia mirathi ya mzee, kisha simu yake aliyonayo mjane ikaingia ujumbe wa "Idd Mubarak, Mzee", haitasamehewa kwa kusema ni kompyuta.

Majina ya makundi yawe ya siri. Baadhi ya programu huonyesha jina la orodha kwenye ukurasa wa kujiondoa au chini ya barua. Ukiliita kundi "Talaka 2024" au "Wadaiwa sugu", ipo siku mteja atalisoma. Ita F1, F2, F3, na tafsiri yake ikae kwenye karatasi ya ofisini.

Taaluma inakubali nini

Violezo vinavyokuja na programu vimejaa "punguzo la asilimia 20" na "sisi ndio bora". Vifute siku ya kwanza kabla kijana mpya hajavitumia. Kwa wakili, kutoza chini ya viwango vilivyowekwa ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na kusaka wateja kwa madalali ni kosa jingine. Kuhusu matangazo zipo kanuni za 2014. Mhasibu naye anabanwa na maadili ya taaluma yake: asitie chumvi uwezo wake wala kuwaponda wenzake. Kinachobaki ndicho kinachofanya kazi vizuri zaidi hata hivyo, nacho ni kumweleza mteja jambo lililobadilika na lina maana gani kwake. Jina la mteja mwingine lisitajwe, hata kwa sifa, mpaka akubali kwa maandishi.

Kuchagua programu

Hapa watu hupoteza wiki nzima, wakati tofauti ya maana ni jinsi unavyolipishwa. Mailchimp hulipisha kwa idadi ya watu walio kwenye akaunti, na waliojiondoa pia huhesabiwa mpaka uwahamishie kwenye kumbukumbu ya zamani. Brevo hulipisha kwa idadi ya barua zinazotumwa. Ofisi yenye wateja 2,000 inayoandika mara moja kwa mwezi itanufaika na hesabu ya pili. Yenye wateja wachache inayoandika mara nyingi sana, huenda hesabu ya kwanza ikaifaa. HubSpot na Zoho zina pia daftari la wateja ndani yake, linaloonyesha nani alizungumza na nani na lini, na hilo ni muhimu kuliko barua zenyewe kama mna washirika watatu ambao kila mmoja anamjua mteja yuleyule kivyake. Kwa SMS utahitaji kampuni ya kutuma kwa wingi, mfano Africa's Talking, ambayo programu nyingi zinaweza kuunganishwa nayo.

Kabla ya kulipa, jaribu mambo manne kwenye akaunti ya bure. Je, naweza kutoa data yangu yote kwa CSV, pamoja na tarehe za idhini? Je, karani anaweza kuandika bila kuwa na uwezo wa kutuma? Je, maneno ya kujiondoa yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili, kwa mfano "Sitaki kuletewa tena"? Je, naweza kuongeza safu yangu ya "jina la kuitia"? Ikikwama kwenye moja, endelea kutafuta.

Kikoa na barua pepe

Usitume barua za wingi ukitumia anwani ya gmail.com, hata kama ndiyo iliyochapishwa kwenye kadi zenu. Barua ikitoka kwenye seva za programu huku ikidai imetoka Gmail, wapokeaji huiona kama ulaghai. Nunua kikoa (jina lenu la mtandaoni, "domain") cha .co.ke kwa msajili anayetambuliwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, kisha kwa barua za wingi tumia tawi lake, tuseme habari.mfano.co.ke, ili barua za jarida zikichafua jina, ankara na barua za mahakama zinazotoka mfano.co.ke zisiathirike sana.

Rekodi tatu huwekwa kwenye DNS ya kikoa, yaani daftari la mtandaoni linaloeleza huduma za jina hilo ziko wapi. Fundi wa tovuti yenu atazijua, lakini simama naye, maana makosa ni yaleyale kila ofisi.

SPF husema ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Jina moja la kikoa hubeba rekodi moja tu ya SPF. Kosa la kawaida ni kuikuta ya zamani ya Google na kuongeza ya pili ya programu mpya. Zikiwa mbili, zote hazifai. Ziunganishe mstari mmoja, mfano: v=spf1 include:_spf.google.com include:seva-ya-programu ~all, ambapo "seva-ya-programu" ni jina utakalopewa na programu. Na isizidi utafutaji 10 wa DNS ndani yake, la sivyo huvunjika kimya kimya.

DKIM ni sahihi ya kidijitali juu ya kila barua. Programu hukupa rekodi moja au mbili za kunakili kama zilivyo. Hapa cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, huweza kuwatega watu: ikiongeza jina la kikoa chenyewe mwishoni nawe umeandika jina zima, unapata mfano.co.ke.mfano.co.ke na hakuna kinachofanya kazi. Baada ya kuhifadhi, isome tena rekodi ilivyotokea.

DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyopita ukaguzi. Anza na v=DMARC1; p=none; pamoja na anwani ya kupokea ripoti. Acha mwezi mmoja, soma ripoti uone ni nani mwingine anatuma kwa jina lenu (mara nyingi ni programu ya ankara iliyosahauliwa), ipe ruhusa, kisha upande hadi p=quarantine, yaani barua isiyopita iwekwe kando kwenye spamu.

Jaribio ni rahisi: jitumie barua kwenye Gmail, fungua menyu ya vitone vitatu, chagua kuona barua asilia. SPF, DKIM na DMARC zote ziseme PASS. Moja ikikosa, usitume kwa wateja bado. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba: anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Ofisi yako haitafika 5,000, lakini vichujio havimhurumii mdogo. Malalamiko matatu kati ya barua elfu moja tayari ni hiyo asilimia 0.3.

Barua yenyewe iwe maandishi. Karatasi ya barua ya ofisi iliyopigwa picha na kubandikwa nzima huonekana mraba mtupu kwenye simu yenye data ya kubana, na vichujio huitilia shaka. Gmail pia hukata barua inayozidi kilobaiti 102, na kinachokatwa ni mwisho, ndiko kiungo cha kujiondoa kiliko. PDF usiiambatanishe, weka kiungo. Na kamwe usitume kwa wateja wengi ukiwaweka kwenye mstari wa nakala ya wazi. Waagizaji wawili wa magari wanaogombea soko moja wakionana kwenye barua ya wakala wao, utawapoteza wote wawili.

SMS: alama moja inayotoza mara tatu

Huu hapa ujumbe wa wakala wa forodha:

"Bw. Mohamed, mzigo wako kutoka ng'ambo umeshushwa Kilindini. Tuletee ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena leo kabla ya saa kumi jioni."

Uhesabu: vibambo 140. SMS moja hubeba 160, kwa hivyo ni SMS moja. Lakini uandike kwenye Word kwanza kisha uunakili. Word huigeuza ile alama ya ng' kuwa iliyopinda, na alama iliyopinda haimo kwenye seti ya herufi za kawaida za simu. Ujumbe wote sasa unahamia mfumo mwingine ambao SMS moja hubeba vibambo 70, na ukizidi hapo hugawanywa vipande vya 67. Vibambo 140 vimekuwa vipande vitatu. Wateja 400 wanalipiwa SMS 1,200. Lugha yetu imejaa ng', kwa hivyo andika ujumbe moja kwa moja ndani ya programu ya SMS au kwenye kihariri cha maandishi tupu, na uangalie kihesabio kabla ya kutuma. Alama za emoji hufanya hasara ileile.

Kumbuka pia kwamba kihesabio huhesabu kiolezo, hakihesabu jina litakaloingia. "Bw. Mohamed" likawa "Mhandisi Abdulrahman" na ujumbe uliokaribia 160 unavuka, ukagawanyika vipande vya 153. Acha nafasi ya vibambo 20.

Jina la mtumaji halizidi vibambo 11, na huombwa kupitia kampuni ya SMS kwa barua rasmi ya ofisi. Chagua jina ambalo mteja atalitambua. Vifupisho vya majina ya washirika wanne havisomeki na mtu yeyote.

WhatsApp

Programu ya bure ya WhatsApp Business inatosha kuanzia. Orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na hupata ujumbe yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana karani anasema "nimetuma" na wateja wanasema hawajaona. Mwombe mteja ahifadhi namba siku anapofungua faili, mkiwa naye mezani. Kundi la WhatsApp la wateja usilifungue: kila mmoja ataona namba ya mwenzake, na kwa wakili huko ni kutangaza nani ana kesi.

Ukihitaji kuunganisha na programu yako, utahamia mfumo wa kulipia wa Meta, kampuni yenye WhatsApp. Mteja akikuandikia una saa 24 za kumjibu kwa uhuru. Zikipita, unaweza kuanza tena kwa kiolezo kilichoidhinishwa tu, na tangu Julai 2025 malipo ni kwa kila ujumbe wa kiolezo. Violezo vya kujitangaza ni ghali kuliko vya huduma, kwa hivyo taarifa ya mzigo usiichanganye na mstari wa "pia tunatoa huduma za…". Mstari huo mmoja unaweza kufanya kiolezo kizima kihesabiwe tangazo.

Saa na kalenda

Programu inaijua saa moja tu, ya Kizungu. Kiolezo kinachosema "Kikao chetu ni saa" kikifuatwa na sehemu ya muda ya programu kitatoa "saa 8:00", na mteja wa Likoni atapanda feri afike saa nane mchana, akiwa amevaa vizuri na faili mkononi, huku wakili alimngoja tangu asubuhi. Tengeneza safu ya pili ya saa ya Kiswahili. Kwenye Excel, kama saa iko A2 na ni saa kamili, fomula ni =MOD(HOUR(A2)+6,12); ikitoa 0, ni saa kumi na mbili. Kisha andika zote mbili: "saa mbili asubuhi, yaani 08:00". Usikose kutia neno asubuhi, mchana au usiku.

Angalia pia saa za akaunti. Baadhi huweza kufunguliwa zikiwa na saa za Marekani. Ujumbe uliopangwa saa tatu asubuhi ya New York unaondoka hapa saa kumi au kumi na moja jioni, kutegemea msimu. Weka Nairobi, UTC+3.

Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa mbili unusu na saa nne asubuhi, ndio wakati mzuri kwa barua ya kusomwa. Ijumaa kuanzia saa sita usitume kitu. Mwezi wa Ramadhani sogeza mapema. Salamu za Idd zisipangiwe tarehe kabisa: mwezi huandama au hauandami, na programu haingoji tangazo la Kadhi Mkuu. Uweke ujumbe tayari kama rasimu, na mtu mmoja aubonyeze usiku ule habari inapothibitishwa.

Mhasibu ana kalenda iliyokwisha kuandikwa na KRA. PAYE (kodi ya mishahara) ni tarehe 9, basi kumbusha tarehe 3. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni tarehe 20, basi omba ankara tarehe 8, na tarehe 15 wakumbushe wale tu ambao hawajaleta. Kumsumbua aliyekwisha kuleta ndiko kunakofanya watu wajiondoe. Ritani za watu binafsi hufungwa Juni 30, anza Machi. Kuhusu sheria ya fedha, eleza mswada kama mswada, na ushauri wa kubadilisha bei uutoe baada ya sahihi: ule wa 2024 Rais alikataa kuutia sahihi mwishoni mwa Juni, na kila kilichoandikwa juu yake kama sheria kikawa hakina kazi.

Kupima, na kutunza

Asilimia ya waliofungua barua usiitegemee. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha zenyewe hata mtu asiposoma, na hesabu hupanda bure. Hesabu majibu, simu zilizopigwa siku mbili baada ya barua, na mafaili mapya. Kwenye fomu ya mteja mpya weka swali "Nani alikuelekeza kwetu?" na jibu liingie kwenye orodha, baada ya mwaka utajua ni wateja gani kumi wanaokuletea kazi, na hao wapigie simu badala ya kuwatumia jarida.

Kila miezi mitatu ondoa anwani zilizorudi, hamisha waliojiondoa, na toa nakala ya orodha yote kwa CSV kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri. Anayeandika asiwe anayetuma: karani aandae, mshirika asome, ndipo itumwe. Akaunti isajiliwe kwa anwani ya ofisi, si ya kijana aliyeifungua, na uthibitisho wa hatua mbili uwe kwenye simu ya ofisi. Laini ya WhatsApp isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikiwa ni ya mfanyakazi, siku akihamia ofisi ya jirani ataondoka na laini yake, na wateja wataendelea kumwandikia yeye.